Wingu la Sebuleni

Jirani yangu kaapa: picha zake hazitalala tena kwenye kompyuta za matajiri wa Marekani. Kanunua Raspberry Pi, kidude cha ukubwa wa kadi ya benki, kapachika Nextcloud, programu huria ya kujiwekea wingu lako la picha na faili, iliyochipuka kutoka ownCloud mwaka 2016. Ya bure kabisa, ukiondoa diski, betri ya akiba, na wikendi nne za kukodolea macho maandishi meupe kwenye kioo cheusi, chai ikipoa.

Juzi usiku mkewe kataka picha ya harusi amtumie shangazi.

“Baba Asha, mbona wingu halifunguki?”

Umeme wa LUKU umeisha. Betri nayo chali. Jirani, huyo Bwana Uhuru, kaja kunigongea akiwa na kandambili, kanong'ona: ile picha si nilikutumia WhatsApp? Hebu nirudishie.