Dirisha Jipya na Joto Lake: Uchunguzi wa Nyumba Moja ya Tabata, Dar es Salaam

Katika ujenzi wa pwani ya Afrika Mashariki, dirisha lina kazi mbili ambazo wenye nyumba huzikumbuka wakati wa joto tu, nazo ni kuingiza upepo na kuzuia jua. Uingereza, dirisha linalookoa nishati ni lile linalozuia joto la ndani lisitoke, ndiyo maana huko hutumika vioo viwili vyenye gesi ya agoni katikati. Dar es Salaam hakuna joto la ndani ambalo mtu mwenye akili timamu angetaka kulihifadhi.

Mwenye nyumba anayehusika na uchunguzi huu hakuizingatia tofauti hiyo. Alikuwa na madirisha ya luva, yaani ya vipande vya kioo vilivyopangwa mithili ya magamba ya samaki, ambayo hufunguka karibu eneo lake lote, ingawa vipande vinne vilikuwa vimevunjika na nafasi zake kuzibwa kwa boksi. Akaelezwa kwamba madirisha ya alumini ya kuteleza hufunga barabara, kwamba baridi ya kiyoyozi haitapata pa kutokea, na kwamba uniti za Luku, ule umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, zitadumu. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa nyumba haikuwa na kiyoyozi.

Fundi alipima dirisha moja na mengine akayatazama tu, kwa nadharia kwamba ndugu wa tumbo moja hufanana. Fremu zilipofika, baada ya “kesho” ambazo mwenye nyumba aliacha kuzihesabu, moja ilizidi tundu kwa sentimita tatu, ukuta ukachongwa. Nyingine ilipwaya, na pengo likajazwa silikoni, gundi ambayo ikikauka huwa kama mpira, kwa wingi ambao ungetosha kuziba mtumbwi.

Matatizo ya kisayansi yalianza baada ya fundi kulipwa. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, hivyo upepo wa kusi, ambao kwa miaka yote uliingia bila kubisha hodi, ukalazimika kupita ubavu. Isitoshe, kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua lakini hakipitishi moja kwa moja mionzi ya joto inayorudishwa na kuta na makochi, na kwa sababu hiyo sebule, inayotazama magharibi, ilifaa saa kumi alasiri kwa kukaushia dagaa. Dawa rahisi ni kivuli cha nje, ambacho hulizuia jua kabla halijagusa kioo. Mwarobaini uliokuwa ukiifanya kazi hiyo bila malipo ulikuwa umekatwa ili ngazi ya fundi ipate pa kusimama.

Kiyoyozi kikanunuliwa, ili madirisha yapate cha kuokoa, na mita ya Luku, iliyokuwa ikilia mwisho wa mwezi, ikaanza kulia kila Ijumaa. Jiko pekee lilibaki na luva zake, kwa kuwa fedha ziliishia ukumbini. Huko ndiko televisheni ilikohamishiwa, na huko ndiko fundi, alipokuja kudai salio la silikoni, alikoomba akae kidogo apunge upepo.