Heko, Wingdings

Mashujaa wameimbiwa, marais wamepewa barabara na viwanja vya ndege. Wingdings haijapewa hata uchochoro. Sisi tunaokula kwa kazi ya kupanga kurasa tuna deni kwake, na leo naanza kulilipa, mkono kifuani.

Ni fonti ambayo kila herufi unayobonyeza hutokea kama picha. Ilitoka Microsoft mwaka 1990, ikikusanya michoro ya Charles Bigelow na Kris Holmes. Mtangulizi wake ni Zapf Dingbats ya Mjerumani Hermann Zapf, ya mwaka 1978. Uzuri wake hauna ubishi: ina mkasi, simu, bahasha, ndege, fuvu la kichwa. Ina hata utabiri. Mwaka 1992 watu wa New York waligundua kwamba ukiandika NYC inakujibu fuvu, nyota ya Daudi na dole gumba lililonyanyuliwa. Magazeti yakachemka, Microsoft wakasema ni sadfa. Tuyaache hayo.

Sifa yake kuu, inayonitoa machozi, ni kutosahau kwao. Tunawajua waliopanda vyeo mjini wakapoteza hata njia ya kijijini. Wingdings haina tabia hiyo. Alama ya vema unayoiona kwenye kipeperushi, imenyooka na kujiamini, kwao ni ü, na haijawahi kuona haya kwa hilo. Kisanduku kitupu kwao ni o. Simu kwao ni mabano yaliyofunguliwa. Maandishi yakinakiliwa kutoka Word kwenda InDesign, programu ya kupangia kurasa, bila mtindo wake, au faili likifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, au mtu akigeuza kurasa zote kuwa Arial kwa amri moja, alama zote hufunga virago zikarudi nyumbani, bila kuaga wala kudai nauli. Kadi ya Maulidi iliyotoka kwangu ina mwezi na nyota hufika na Z kubwa juu ya jina la msikiti, kwa sababu Z ndiko kwao. Orodha ya huduma za kliniki iliyopigiwa vema mstari hadi mstari huwa ü, ü, ü, na msomaji hubaki kujiuliza kama amepewa Kijerumani au Kituruki.

Dada yake, Symbol, amelelewa vivyo hivyo, ila yeye ni mtu wa hesabu na sayansi. Alama ya ≤ kwao ni £, basi mwanafunzi hukuta x £ 5 akadhani swali ni la biashara. Alama ya omu, Ω, kwao ni W, na ukinzani wa omu 10 huwa wati 10. Na ile µ ya mikrogramu kwao ni m.

Hapo mzaha unanishinda. µg ikigeuka mg, dozi imezidishwa mara 1,000, na ukurasa unaonekana safi kabisa. Afadhali ü, hiyo inapiga kelele. Levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, hupimwa kwa makumi ya mikrogramu. BNF, kitabu cha dawa cha Uingereza, kinaagiza neno mikrogramu lisifupishwe. Na aliyeng'ang'ania kufupisha, µ ipo kwenye fonti za kawaida: shika Alt, bonyeza 0181. Alama ya vema ina namba yake katika Unicode, orodha ya pamoja ya herufi na alama za kompyuta, tangu miaka ya 1990, na zile za Wingdings zenyewe ziliingizwa mwaka 2014. Kisingizio hakuna.

Lakini fonti haina kosa, imefanya kilekile tangu izaliwe. Nawasema wanaoleta kazi jioni kwenye flashi ikitakiwa asubuhi. Sampuli inapelekwa ofisini, inapita kwa mratibu, kwa mhasibu, kwa mkurugenzi, inarudi na saini tatu na mhuri wa IMEPITISHWA, na ü zote zimekaa palepale. Kilichozungushiwa wino mwekundu ni kimoja tu: mkurugenzi ameandikwa Bw. badala ya Dkt. Vipeperushi vikishatoka, simu inaita: mbona kwangu ilionekana vizuri?

Mwaka 1994 David Carson, msanifu wa jarida la Ray Gun la Marekani, aliona mahojiano na mwanamuziki Bryan Ferry yanachosha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats yasisomeke. Wengi humcheka. Mimi namheshimu, maana yeye angalau aliyasoma kwanza.

Basi wewe mwenye mhuri, ukiletewa sampuli, jina lako liache la mwisho. Anza na namba na vipimo vya dawa, kimoja kimoja, ukilinganisha na karatasi uliyotuletea. Ukikuta ü, izungushie wino kabla hatujachoma pleti.