Pono Mwenye Pacha

Mume wangu hanunui kitu kwa kuwa kinahitajika. Hununua kwa kuwa bei imeshuka na muuzaji amemnong'oneza kwamba ni wachache mjini wenye akili ya kukitambua. Ndivyo ilivyoingia nyumbani kwetu Mbagala runinga ya mtumba ya inchi 47, ya zile za 3D, imeviringishwa blanketi, pamoja na miwani minne ya plastiki ndani ya bahasha ya kaki. Rimoti yake haikuwemo.

"Rimoti zinauzwa barabarani, Mama Salma. Hilo lisikuumize kichwa."

Zinauzwa kweli. Ila rimoti ya barabarani ina kitufe cha kuwasha, cha sauti na cha chaneli; cha 3D haina. Baba Salma akapekua menyu yote ya runinga akitafuta njia ya kuzunguka, hakuiona. Mtu mwingine angekubali kwamba amenunua runinga ya kawaida na maisha yakaendelea. Yeye alimwita fundi wa mtaa, wakaitundika juu kabisa, karibu na dari, pale ambapo sisi wengi tumeamua runinga zikae ili watoto wasizifikie. Kisha akaleta laptopu na kutukusanya sebuleni kwa mhadhara.

Mhadhara wenyewe, kwa haki yake, ulikuwa mzuri. Macho ya mtu mzima yameachana kwa sentimita sita na kitu, kwa hiyo kila jicho linaona dunia kutoka upande wake, na ubongo unaziunganisha picha mbili kuwa moja yenye kina. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838 na akatengeneza kifaa cha vioo cha kulithibitishia. Filamu ya Avatar ilipotoka mwaka 2009, watengenezaji wa runinga wakaona wamepata biashara mpya. Runinga ya aina yetu imebandikwa utando mwembamba juu ya kioo: mwanga wa mistari ya witiri unazungushwa upande mmoja, wa mistari ya shufwa upande wa pili, na kila kioo cha miwani kinaruhusu mzunguko wake tu. Mistari iko 1080, hivyo kila jicho linapata 540. Na huo utando, alisema huku amenyoosha kidole kama mwalimu wa sayansi, hauzimwi wala hauwashwi. Upo tu. Kwa hiyo kompyuta ikituma picha ambayo mistari yake imekwisha kupangwa, mmoja wa jicho la kushoto na mmoja wa la kulia, kitufe cha 3D hakina kazi. Programu ya kupanga mistari hiyo alikuwa ameshaipakua bure.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Mafia kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, alikuwa amekaa mkekani chini ya dirisha akisuka ukili. Alisikiliza yote, akavalishwa miwani, na filamu ya samaki wa kwenye matumbawe ikaanza.

"Huyo pono," akauliza, "ana pacha?"

"Mama, macho yako bado yanapona."

Tuliokaa kwenye makochi tukatazamana. Sisi pia tulikuwa tunaona pacha, ila baada ya jibu lile nani angesema?

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye laptopu. Kompyuta ikiunganishwa na skrini ya nje mara nyingi huanza kwa kurudufu, yaani skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja, na hapo yenye uwezo mkubwa inalazimika kushuka kuifuata ndogo. Kioo cha laptopu yetu kina mistari 768. Runinga ilikuwa inapokea 768 na kuivuta ijaze 1080, na katika kuvuta huko mistari ya jicho hili ikamwagikia ya jicho lile. Mama mkwe alipofafanuliwa hili alielewa kuliko sisi sote. "Ni kama ukili wa rangi mbili," alisema. "Mwaa mmoja ukikaa pasipo pake, nakshi yote imehama." Baada ya hapo hakuna aliyetoa maelezo bora.

Baba Salma akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua skrini ya pili peke yake, akaweka 1920 kwa 1080. Pono akapungua upacha, hakuumaliza. Akaibadilisha programu. Akabadilisha waya wa HDMI, kisha akaurudisha ule wa kwanza. Akamlaumu muuzaji, akaulaumu umeme wa mtaa wetu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya maharage nikamuuliza saa ya kompyuta imekwenda wapi. Ile inayokaa pembeni chini kulia ilikuwa imekatwa nusu; dakika hazionekani.

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Runinga nyingi zimerithi tabia ya zile za kichogo: huikuza picha kidogo na kukata kingo zake, kwa sababu zamani kingo za picha zilikuwa na uchafu usiofaa kuonyeshwa. Kwa mpira haina madhara. Kwa picha iliyosukwa mstari kwa mstari ni msiba, maana picha ikikuzwa hata kidogo, hakuna mstari unaotua mahali pake. Akapanda kwenye stuli, akaminya vitufe vya chini ya runinga, akaingia sehemu ya ukubwa wa picha na kuchagua ile inayoonyesha picha nzima bila kukuza. Dakika za saa zikarudi. Akalipa tundu la HDMI jina la PC, jambo ambalo kwa runinga nyingi ni agizo la kuacha kuirembesha picha, na ule ukali wa picha akaushusha. Kwenye Windows kulikuwa na ukuzaji wa asilimia 125 ili maandishi yasomeke, akaurudisha 100. Nilichojifunza kuhusu mashine hizi ni kwamba zimejaa hisani. Kila moja njiani inataka kuisaidia picha, na kwa kazi hii kila msaada ni hujuma.

Sasa samaki walikuwa safi, kingo zimenyooka, hakuna pacha. Lakini kutazama kulikuwa kunaumiza. Samaki mdogo wa mbele alionekana amezama ndani ya ukuta, mwamba wa nyuma umetokeza mpaka mezani. Salma akasema anasikia kichefuchefu. Mume wangu, badala ya kumsikiliza mwanawe, akamtafuta hakimu: mdogo wake, Shemeji Hamisi.

Shemeji Hamisi akavaa miwani, akakunja nne, akatazama kwa utulivu wa mtu aliyelipiwa nauli. "Kaka, hii ni safi kabisa. Asikudanganye mtu."

Hukumu hiyo ikasimama kwa muda mrefu, wakati nyumba nzima inameza panadoli. Hakuna aliyekumbuka kwamba jicho la kushoto la Shemeji, tangu utotoni, linaona ukungu tu. Mwenye jicho moja linalofanya kazi anapata picha moja iliyo safi, na kina cha namna hii hakipati kabisa, kiwe sawa au kimegeuzwa. Alisema kweli yake, na kweli yake haikuwa ya kutusaidia.

Aliyetuokoa ni Idi, mwanetu wa miaka minne. Aliivaa miwani juu chini, mikono ya miwani ikampita mashavuni, akapiga ukelele na kurudi nyuma: samaki anamjia! Baba yake akamwambia aivae vizuri. Samaki akarudi ukutani. Akaigeuza tena, samaki akatoka. Ukiigeuza miwani juu chini, kioo cha kulia kinahamia jicho la kushoto. Mzunguko wa mwanga haubadiliki kwa kugeuzwa huko, kinachobadilika ni jicho linaloupokea. Maana yake macho yalikuwa yanapewa picha kinyume. Kwa mistari iliyosukwa, picha ikihama mstari mmoja tu kwenda chini, ya kushoto na ya kulia zimeshabadilishana. Programu ilikuwa na sehemu ya kuzibadilisha. Bonyezo moja, na mwamba ukarudi nyuma, pono akaja kuelea juu ya meza ya kahawa. Naliungama hili: lilikuwa jambo la kupendeza. Niliunyoosha mkono.

"Bado ana pacha," ilisema sauti kutoka mkekani.

Tukaanza tena habari za macho yanayopona. Ila Salma alikuwa amekaa hukohuko chini, kichwa mapajani kwa bibi yake, anasukwa nywele. "Baba, huku kweli wapo wawili."

Baba Salma akashuka kochini, akakaa mkekani, akainua uso kuelekea darini ilipo runinga yake. Alikaa kimya. Utando umebandikwa mbele ya kioo, na mistari yenyewe ya picha iko nyuma, unene wa kioo ukiwa katikati. Ukitazama kwa usawa wa macho, kila mstari unapita kwenye ukanda wake. Ukitazama kutoka chini sana au juu sana, mstari unaonekana kupitia ukanda wa jirani, na pacha amezaliwa. Runinga ya namna hii haisumbuki ukikaa pembeni kushoto au kulia. Inachokataa ni kutazamwa kutoka shimoni. Mama mkwe, mwenye lenzi mpya machoni, ndiye aliyekuwa akiona sawasawa tangu mwanzo, na mwanawe hakumwomba radhi mpaka nilipomkazia macho.

Runinga ikateremshwa. Kwa sasa imekaa juu ya kabati langu la vyombo vya harusi, ambavyo vimehamia uvunguni mwa kitanda, na suala hilo kati yetu halijaisha. Ukutani yamebaki mashimo manne. Mama mkwe aliitazama filamu yote, akawataja samaki kwa majina, akamsahihisha msimulizi alipomtaja chewa kuwa mkubwa kuliko alivyo, kisha akaomba awekewe tamthilia yake ya saa mbili, ambayo haina 3D na haihitaji laptopu.

Runinga hizi hazitengenezwi tena. LG na Sony waliziacha mwaka 2017, na ndiyo maana zinatufikia kwa bei ya kutupwa. Ukiuziwa moja, jaribu kuitazama umechuchumaa kabla hujalipa. Na kama una rimoti ya asili yenye kitufe cha 3D inayokaa bure kwenye droo, tuko Mbagala. Chai ipo.