Togwa Yaitwa Kwenye Usaili

Dumu la togwa kutoka kwa mama mkwe, Songea, lilishuka kwenye basi limevimba kama lina mimba ya mapacha. Nikalegeza kizibo. Pwaa! Shati langu pekee jeupe likaoga, na mzee aliyekuwa akisubiri mzigo wake akapata sehemu yake bila kuomba.

Nyumbani nikajifariji: "Angalau ni probiotiki." Neno hilo nimeliona dukani, kwenye kikopo cha mtindi ambacho bei yake ingeninunulia nyama.

Kijana wangu wa chuo akanikatisha. "Baba, togwa ina bakteria wa asidi laktiki, sawa. Lakini probiotiki ni cheo, na cheo kinathibitishwa."

Cheo! Eti tangu wataalamu wa FAO na WHO walipokaa mwaka 2001, kijidudu hakipewi jina hilo mpaka kiwe hai, kiwe kingi cha kutosha, na kionyeshe faida kwa afya ya mlaji. Kwanza kuna usaili: bakteria wanatumbukizwa kwenye asidi kali kama ya tumboni. Wakipona, wanamwagiwa nyongo. Wakibaki, wanaangaliwa kama wanaweza kung'ang'ania ukuta wa utumbo.

Jamani! Hawa wamewatumikia wakwe zangu vizazi na vizazi. Uji ukishapoa na kutiwa kimea cha ulezi, wanaingia zamu ya usiku, wanageuza sukari kuwa asidi, na vijidudu vingi vya kuharisha vinakosa pa kustawi. Wamejitolea miaka yote bila mkataba, leo wanadaiwa vyeti!

Na vyeti vyenyewe vina utata wa majina. Mwaka 2020 wanasayansi waliugawa ukoo wa Lactobacillus katika jenasi 25. Mkazi wa togwa aliyeitwa Lactobacillus plantarum sasa ni Lactiplantibacillus plantarum. Mimi cheti changu kilikosewa herufi moja tu, nikazungushwa na viapo vya mahakamani miezi mitatu.

Nikiwa bado nanung'unika, nikasikia jiko linawashwa. Mke wangu ameogopa povu, anataka kuichemsha.

"Mama watoto, utawaua wasailiwa wote!"

Nikachota kikombe, nikakimaliza nikiwa nimesimama. Tumbo hili limepitisha supu ya stendi, pilipili za mama ntilie na mawazo ya ada ya huyo msomi. Bakteria atakayetoka humo mzima, mimi namwajiri leo leo, na cheti asilete.