Baleti Wakati wa Kuvuna Mpunga

Mtu aliyepanga tamasha la dansi mwezi Juni ukingoni mwa Ziwa Nyasa hajawahi kuvuna mpunga. Nalisema hili mapema ili tusije tukakosana baadaye. Barua ilisema ni "tamasha la majira ya joto". Niliisoma chini ya mwembe, jasho likinitiririka mgongoni, nikajiuliza majira mengine ya Kyela ni yapi. Ulaya joto ni mgeni. Likibisha hodi mwezi Juni watu hufunga ofisi wakalichezea. Kwetu limejenga, tena lina hati ya kiwanja. Milima ya Livingstone imetuzibia upande mmoja, ziwa linatupumulia upande wa pili, na mvua ikishapungua baada ya Mei kinachobaki ni mpunga. Na mpunga ukikauka kwenye shina haukungoji umalize mazoezi ya viungo.

Niliingizwaje kwenye mambo haya? Kwa sababu ya turubai. Kati ya Ipinda na Matema kila mtu anajua nina turubai kubwa la kuanikia, na uwanja uliosawazishwa vizuri. Vijana wetu walipopata wafadhili wa kuwaletea wacheza dansi wawili wa kulipwa, mama mmoja wa baleti na kijana mmoja wa dansi ya kisasa, walikuja nyumbani wakanisifu mpaka nikashtuka. Walipoondoka nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Uenyekiti huo hauna posho. Una kofia.

Yule mama alizunguka kijiji kizima akibonyeza ardhi kwa vidole vya miguu, anatafuta sakafu. Jaruba limepasuka nyufa za kuingiza guu zima. Darasa la shule lina saruji, lakini saruji yenyewe imebaki kona kona. Kanisani mchungaji alitabasamu, akasema atawaombea. Simlaumu. Wamisionari wa Kimoravian na wale wa Berlin walipoingia Unyakyusa mwaka 1891, waliziangalia ngoma zetu kwa jicho baya sana, na mababu waliotaka ubatizo walijua ngoma ziachwe mlangoni. Kabla ya hapo watu walicheza hadi msibani. Godfrey Wilson, aliyekaa huku miaka ya 1930 na mkewe Monica, aliandika habari za wanaume waliocheza na mikuki kwenye maziko. Sasa hebu fikiria: tuliacha, tukatulia, tukajifunza kuimba tumesimama wima, halafu Wazungu wengine wanapanda ndege kuja kutuambia kwamba miili yetu imekakamaa.

Basi mama akafika kwangu. Akabonyeza uwanja. Akatabasamu. Tabasamu hilo lilinigharimu magunia ya mpunga, maana uliokuwa umeanikwa ulikusanywa, na ambao ungefuata ulibaki shambani unadondosha punje kwa faida ya ndege.

Wakafunga mwanzi kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mchikichi ili watoto washikilie. Kisigino kwa kisigino, vidole vinatazama nje, miguu ya bata. Kisha wakunje magoti taratibu, mgongo umenyooka, uso usionyeshe kwamba kuna kazi inafanyika. Hiyo wanaiita pliye. Mama yangu mzazi, aliyetoka ndani kuota jua la asubuhi, alitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini hawa watoto wanatibiwa ugonjwa gani wa nyonga, na kama dawa hiyo inafaa pia kwa watu wazima.

Mwalimu alitueleza asili yake. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikuwa mchezaji mwenyewe, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha dansi mjini Paris; ndiyo maana hadi leo amri za baleti hutolewa kwa Kifaransa, uwe Moscow, uwe Havana, uwe Kyela. Sina ugomvi na Louis. Ila watoto ambao nimeshindwa kuwafundisha kukunja gunia kwa Kiswahili na Kinyakyusa walikuwa wanapiga kelele za Kifaransa uani kwangu tangu saa mbili asubuhi, na mpunga hauna amri ya Kifaransa.

Mchana ilikuwa zamu ya dansi ya kisasa. Hii nayo ina ukoo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mmarekani Isadora Duncan alivua viatu, akacheza peku, watu wakashangaa. Baadaye Martha Graham akaufanya mkazo wa tumbo kuwa somo: unavuta pumzi, unaachia, tumbo linakunjika, mwili wote unafuata. Mwaka 1934 yeye na wenzake wakaanza kufundisha kila majira ya joto katika Chuo cha Bennington, jimbo la Vermont, na kutoka hapo likakua tamasha ambalo tangu 1978 liko Durham, North Carolina. Kwa hiyo wenzetu wanapoingoja likizo ili wakacheze, wanafuata desturi ya wazee wao. Nakubali. Kinachonikera ni hilo la viatu. Mtu mmoja kavua viatu kwa hiari, kaandikwa vitabuni. Sisi tunalima peku tangu enzi, hakuna hata aliyetuletea kalamu.

Yule kijana aliwaambia watoto: "Fikiria wewe ni mbegu. Sikiliza udongo." Watoto wakanigeukia mimi. Hawa wamepanda mpunga, wamepalilia, wamewinga ndege mpaka sauti zikakauka. Udongo wameshausikiliza vya kutosha na wanachotaka ni kuusahau kidogo. Hata hivyo wakalala juu ya turubai langu. Mmoja aliota vizuri mno. Wenzake walipoinuka na kunyoosha matawi, yeye alibaki chini, ametulia kabisa, na mwalimu akawaonyesha wengine jinsi mtoto yule alivyozama ndani ya zoezi. Alikuwa amelala. Usiku uliotangulia alikuwa anasaidia kubeba mpunga kwa tochi, kwa sababu mchana ana dansi.

Mama watoto hukaa upande wa wageni kila nikianza kulalamika. Nadhani ni kanuni ya ndoa. "Baba, mbona Nairobi wamefaidika?" Na kweli, ana hoja. Kibera, mwalimu Mike Wamaya amefundisha baleti kwenye madarasa ya kawaida, madawati yakisukumwa pembeni, sakafu ni saruji tupu, na mwaka 2017 aliingia kwenye kumi bora ya tuzo ya dunia ya walimu. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa mabanda wa Kuwinda, alianza mazoezi hapohapo Nairobi na akaenda kusoma katika shule ya English National Ballet, London. Sikuwa na la kujibu. Nikasema Kibera hawalimi mpunga. Akaniangalia, akaenda zake kuwapelekea wageni maji ya kunywa kwenye mtungi wa Wakisi, ule wa kutoka Ikombe ambao mimi mwenyewe sijawahi kuruhusiwa kuugusa.

Sasa nije kwenye donge lenyewe.

Siku ya kufunga, ratiba ilibandikwa kwenye mchikichi. Asubuhi: mafunzo. Mchana: mafunzo. Jioni, mgeni rasmi akishakaa: vikundi vya ngoma vichangamshe hadhira, dakika tatu kila kimoja. Vijana wa ing'oma walikuwepo na filimbi zao. Kulikuwa pia na kikundi cha mganda, kikiongozwa na mzee mmoja aliyekuja huku zamani kwa meli kutoka pande za Manda, akashuka bandari ya Itungi, akaoa, akapanda kakao, akasahau kurudi. Tunamwita Kapteni. Wengine huwa nawasikia wakisema ni jina la utani. Siyo. Ni cheo.

Mganda ulitokana na beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi na gwaride za wakoloni. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi, na watu wa ziwa hili wakaichukua, wakaifanya yao. Upande wa Malawi yuko ndugu yake, malipenga. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Wachezaji wa mganda huvaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wanapanga mistari, kila hatua inahesabiwa. Wanaimbia ndani ya kibuyu chenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na sauti inatoka imekuwa tarumbeta. Wana kingi, wana kapteni, wana daktari, wana nesi. Kaptula ikikosa mkunjo wa pasi, utaona aibu mbele ya watu. Mtu anayedhani nidhamu ya mwili ililetwa kwetu na ndege ya mwezi Juni, na aje akaguliwe na Kapteni.

Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo haki yake ya kikatiba. Wazee wakasimama juani na kaptula zao nyeupe, hawataki kukaa zisichafuke. Alipofika, dakika tatu zikawa mbili. Kapteni akapuliza, ngoma kubwa ikajibu, mistari ikasogea. Nilikuwa karibu na yule mama wa baleti. Aliacha kiti chake. Akasimama pembeni akifuata nyayo za wazee kwa nyayo zake, akakosea, akarudia, akakosea tena. Ndipo mshereheshaji akasema muda umekwisha, tumpishe mheshimiwa atoe hotuba. Mama akanigeukia akaniuliza: huyu mzee amekuwa hapa wiki nzima? Mbona hafundishi asubuhi?

Nikamwambia mimi ni wa mapokezi, ratiba ina watu wake.

Wageni wale, kwa haki, hawakuwa na kosa. Walilipwa, wakalala Matema kwenye chumba kinachotazama ziwa, wakala mbasa wa kuchoma, na wakafanya kazi ya kweli. Watoto wawili watatu pale mtaani sasa wanatembea migongo imenyooka hata wakitumwa dukani. Siwanyimi posho yao. Naongelea ya Kapteni: soda iliyokuwa imeshapoa moto wake lakini haijafikia ubaridi, pakiti ya biskuti, na fulana ya wafadhili ya saizi ya mtoto wa darasa la pili.

Na hili si jambo geni. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akihutubia Bunge alisema watu wetu wamejua rumba, chacha, twisti na hata waltzi, kisha akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza gombe sugu, mangala au kiduo. Ndipo akatangaza wizara ya utamaduni. Tangu 1981 Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, siku hizi kinaitwa TaSUBa, ambapo ngoma hufundishwa kwa ratiba na mtu akafeli mtihani. Dar es Salaam, Ian Mwaisunga, jina ambalo ukiliita stendi ya Kyela watageuka watu kadhaa, alianzisha MuDa Africa kufundisha vijana dansi ya kisasa. Hapo juu tu, Tukuyu, kuna Tulia Traditional Dances Festival ambako vikundi vya ngoma vinaitwa kama ngoma, siyo kama kiburudisho cha kumsubiria mtu. Kwa hiyo uwezo upo. Tunachokosa huku kwenye matamasha yetu madogo ni mtu mmoja mwenye kalamu wa kuhamisha jina la mzee kutoka safu ya jioni kwenda safu ya asubuhi.

Nimesikia mwakani watarudi. Turubai langu litakuwepo, nimeshazungumza na mama watoto, maana uamuzi ni wake. Lakini waandaaji, nawaomba. Njooni Septemba, mpunga ukiwa ndani na watoto wakiwa wamelala usingizi wao nyumbani. Kapteni mpeni saa mbili asubuhi, darasa lake, posho ileile ya wageni, na fulana inayomtosha. Mgeni rasmi, yeye mnaweza kumpa dakika tatu.