Namna ya Kuilinda Nishani ya Kuka Isiangukie kwa Khocha

Umefungua sanduku la kuka, yaani babu, huko Kimilili, na chini ya koti la zamani kuna nishani. Kazi ya kwanza ni kumwondoa khocha, yaani mjomba, nyumbani. Mtume soko la Chwele akaulizie bei ya ng'ombe, kwa maana yeye ndiye atakayesema, "Hii imechafuka, leteni majivu." Akikosa majivu ataitisha dawa ya meno, na baadaye waya wa kusugulia sufuria. Hapo mtakuwa mnamzika kuka mara ya pili.

Sasa itazame kwa utulivu. Ikiwa ni ya umbo la yai, ya fedha, yenye mkufu wa shingoni, huenda ni ile ambayo Mfalme wa Uingereza aliwaanzishia machifu wa Afrika mwaka 1920. Lakini ukiona wekundu unaong'aa na mwandiko wa Kiarabu, keti kwanza. Sultani Barghash wa Zanzibar alianzisha Nishani ya Nyota Ing'aayo mwaka 1875, mwaka uleule alioizuru Uingereza. Usicheke ukidhani haiwezi kufika kwetu: misafara ya pwani ilikuwa ikitua Mumias, kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga.

Wekundu huo ni kioo. Fundi alikisaga kioo cha rangi kuwa unga, akaulaza juu ya dhahabu, akauchoma tanurini kwa joto la nyuzi 800 hivi hadi ukayeyuka na kung'ang'ania. Hiyo ndiyo enameli. Iinamishe karibu na dirisha. Katika kazi nzuri utaona michirizi iliyochongwa kwenye dhahabu ikicheza chini ya rangi, na nakuapia, utaisahau chai yako. Ikidondoka kwenye saruji, kioo kitabanduka. Usikimbilie gundi. Okota vipande vyote, hata vya ukubwa wa chembe ya wimbi, uvifunge pamoja nayo. Ishike ukingoni, uifunge kwa pamba safi iliyokauka, na usiitie kwenye mfuko wa plastiki. Utepe usiufue, wala usiubadilishe kwa ule uliobaki harusini.

Khocha atarudi na wazo la sonara. Simama mlangoni! Sonara atapima gramu tu, na hata Waingereza, kuanzia mwaka 1887, walitengeneza nishani nyingi kwa fedha iliyopakwa dhahabu. Kisanduku cha nishani, barua ya uteuzi na jina la aliyeivaa ndivyo vinavyoipa uzito ambao mizani haiuoni. Ukitaka ushauri, nenda Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyo ambao mkusanyaji aitwaye Stoneham aliufungua mwaka 1926.

Kisha keti na kukhu, yaani bibi, leo hii, simu ikirekodi. Muulize kuka aliitwa wapi, nani alimvisha, alifanya nini hata akastahili. Usimkatize, hata akihamia kwenye ng'ombe wa mahari ambao khocha bado anawadai.