Dhamana ya Mshairi

Hongera kwa serikali ya Tanzania: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unawakopesha wasanii. Unakopesha, jamani, atakayekwenda na kikapu akidhani ni ruzuku, shauri yake. Basi mchoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, mwenye kopo la rangi na chui asiyekauka, aketi aandike mchanganuo wa biashara: chui huyo ataingiza shilingi ngapi kwa mwezi? Mshairi ndiye mtihani: ataweka dhamana gani? Mali yake vina na mizani, na sijapata kuona dalali akipiga mnada vina. Ila mgeni rasmi akitua uwanja wa ndege, wacheza ngoma huitwa alfajiri, wakachezea juani mpaka adhuhuri, bila dhamana wala mchanganuo. Soda wanapewa.